Sura ya Sita: Fundo la Tisa

Kopo lilikuwa la kahawa, la bati, nimelitoboa kwa msumari pande zote hadi likawa kama chekeche. Ndani nilitia samaki wadogo watano wa chambo, wazima, wanaorukaruka, nikafunga mfuniko kwa waya, nikaning'iniza jiwe chini yake, kisha nikalishusha ziwani kwa kamba niliyoipiga fundo kila mita moja. Kwenye fundo la nne nikalishikilia dakika kumi. Nilipolivuta, wote watano walikuwa wazima. Fundo la sita, wazima pia, ingawa walikuwa wamepoa kidogo. Nikashusha hadi fundo la tisa, nikangoja dakika zilezile kumi. Safari hii kopo lilipanda na samaki watano waliolala ubavu, vinywa wazi, matamvua yametanuka.

Rafiki yangu alikuwa amekaa mbele ya boti. Ni mzaliwa wa Naivasha, sasa tunaishi mtaa mmoja kaskazini mwa Dallas, na kwa umri ningeweza kumwita mdogo wangu wa mwisho. Alichukua mmoja wa wale samaki, akamgeuza kiganjani.

"Mzee, kwani hii maji iko na sumu?"

"Haina sumu, ndugu yangu. Imekosa pumzi."

Ilikuwa Agosti, saa mbili asubuhi, na tayari jua lilikuwa linauma mabegani. Tulikuwa Lake Fork, mashariki ya Texas, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka nyumbani. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumemaliza kiangazi kizima hapo bila kupata samaki wa kueleweka isipokuwa mmoja tu, na kisa chake ni kwamba tuliamini jambo ambalo karibu kila mtu huliamini: kukiwa na joto kali, samaki huteremka chini kwenye ubaridi. Basi tukawa tunatafuta kina kirefu zaidi, tunashusha ndoana mita kumi, mita kumi na mbili, tunakaa. Tulikuwa tunavua mahali ambapo hapakuwa na kiumbe mwenye mapezi.

Samaki mwenyewe tuliyemfuata ni besi mdomo mkubwa, wa jenasi ya Micropterus, mwindaji wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika Kaskazini. Usimdhanie ndugu wa sangara kwa sababu ya umbo lake. Ukoo wake ni wa vile visamaki vyenye rangi za jua ambavyo watoto wa Marekani huvua kwa mnyoo na kipande cha mkate. Rafiki yangu alimjua tangu utotoni, kwa kuwa besi waliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa starehe. Kabla ya hapo Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, na yule hajaonekana tena tangu miaka ya 1960. Mimi nilikulia Mwanza, kwenye mwambao wa Igombe, na samaki mkubwa niliyemjua alikuwa sangara, ambaye naye aliletwa kutoka kwingine. Kwa hiyo katika boti ile walikaa watu wawili waliolelewa na maziwa mawili tofauti, na kila mmoja alikuwa na elimu ya ziwa lake. Ya kwangu ndiyo iliyotufaa, ila ilichukua mwaka mzima kuikumbuka.

Naivasha iko juu sana, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa yake haina kina. Mchana upepo huamka na kuikoroga, kwa hiyo maji ya juu na ya chini hayakai muda mrefu bila kuonana. Mtoto wa Naivasha hana sababu ya kuwaza matabaka. Lakini sisi wa Ziwa Victoria tuliona kitu kingine. Ilikuwa ikifika Juni na Julai, kusi likishika kasi, kuna asubuhi unaamka unakuta samaki wanaelea ufukoni, wengine bado wanahema juu juu kama mtu aliyekimbia mlima. Marehemu baba alikuwa akituzuia tusiwaokote mpaka ajue wamekufa lini. Alisema, "Maji ya chini yamepanda." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe alikuwa anaeleza mambo kama yalivyo. Ziwa Victoria, kwa kina chake cha mita 80 hivi, hujipanga matabaka miezi mingi ya mwaka. Tabaka la chini huishiwa oksijeni, hadi kusi lije kulivuruga na kulipandisha. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halijikorogi lote kamwe: ukishapita mita 250 hivi hakuna oksijeni mwaka mzima, na samaki wote wa ziwa lile kubwa wanaishi kwenye ngozi yake ya juu.

Lake Fork nalo hujipanga matabaka kila kiangazi. Ni bwawa la kutengenezwa, ukuta wake ulikamilika mwaka 1980, na maji yamefunika zaidi ya hekta 11,000 za malisho, vijito na misitu. Miti mingi iliachwa imesimama makusudi. Hata kabla ziwa halijajaa, watumishi wa idara ya wanyama ya jimbo walikuwa wameshatia besi wa asili ya Florida, ambao hukua wakubwa kuliko wa kaskazini. Ndiyo maana jina la Lake Fork linajulikana na kila mvuvi wa besi duniani.

Sasa hebu tuangalie yale matabaka, maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, na kadiri joto linavyopanda ndivyo wepesi unavyoongezeka kwa kasi. Maji yakitoka nyuzi 25 hadi 30 hupungua uzito mara tano zaidi ya yanavyopungua yakitoka nyuzi 5 hadi 10. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili nilipokutana nalo, kwa sababu linaeleza jinsi ziwa la nchi za joto linavyoweza kugawanyika vipande viwili hata kama tofauti ya joto kati ya juu na chini ni ndogo. Maji moto hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo wa kawaida unayasukuma, yanazunguka yenyewe kwa yenyewe, lakini hauna nguvu za kuyachanganya na yaliyo chini.

Tabaka la chini basi limefungiwa. Halipati hewa kutoka juu, na mwanga haulifikii vya kutosha mimea kutengeneza oksijeni. Wakati huohuo kila jani lililozama, kila chembe ya mwani uliokufa, kila samaki aliyeoza anaangukia huko, na bakteria wanaovioza vyote hivyo wanatumia oksijeni iliyobaki. Kufikia Julai imekwisha. Siku moja nanga yetu ilipanda na tope jeusi linalonuka kama yai viza. Hiyo ndiyo harufu ya mahali pasipo na pumzi.

Baada ya kopo kutupa jibu nilifunga kipimajoto kwenye kamba ileile. Juu kabisa, nyuzi 31. Mita tano, 30. Mita sita, 29. Mita nane, 24. Mita kumi, 21. Kati ya sita na nane joto limeporomoka nyuzi tano. Rafiki yangu akawasha mashine ya kuonyesha samaki, akaongeza nguvu ya mawimbi yake, na kwenye kioo ukatokea mstari hafifu, kama ukungu, umelala moja kwa moja kwenye mita saba. Tulikuwa tumeuona mstari ule kiangazi chote kilichopita tukadhani mashine ni mbovu.

"Kwa hivyo chini ya hii laini hakuna kitu?"

"Kuna ubaridi tu."

Hapo ndipo hesabu ya besi wa kiangazi inapoanza, na ni hesabu ngumu kwake. Joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Maji yakipanda joto, mwili wake unafanya kazi haraka zaidi, chakula kinasagika upesi, anahitaji oksijeni zaidi na chakula zaidi. Lakini maji ya nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 10 hubeba 11.3. Anahitaji zaidi mahali penye kidogo. Wanaosema samaki wa kiangazi hawali wanakosea kabisa. Wanakula sana kuliko wakati wa baridi, ila wanakula kwa muda mfupi, kwa pamoja, halafu wanatulia. Mvuvi anayefika muda si wake anaondoka akiapa kwamba ziwa ni tupu.

Kwa hiyo usitafute kina. Tafuta mahali ambapo ardhi ya chini inakutana na maji yaliyo juu kidogo ya mstari. Ukijua mstari uko mita saba, ziwa lote linapungua ghafla mbele ya macho yako: sehemu zote zenye kina cha mita saba na zaidi unaziacha, na zile za maji mafupi yanayochemka unaziacha pia mchana. Unabaki na rasi ndefu zinazoteremka polepole, vilima vilivyozama vyenye vilele vya mita nne au tano, kingo za vijito vya zamani. Kule Lake Fork kuna pia barabara za mashambani zilizofunikwa na maji, kokoto zake bado zipo, na kuta za mabwawa madogo ambayo ng'ombe walikuwa wakinywea. Besi wanapenda mahali pagumu palipo kando ya mtelemko. Wanakaa hapo kwa makundi, na hilo ndilo jema la kiangazi: ukimpata mmoja, usiondoke.

Kuna chakula chao pia. Mashariki ya Texas besi wa kiangazi wanaishi kwa kufuata shadi, samaki mwembamba wa fedha anayekula vijidudu vya maji. Mtu wa Mwanza akimwona atakumbuka dagaa, si kwa ukoo bali kwa mwendo wake: kundi moja linalogeuka kama kitambaa. Alfajiri, saa kumi na moja hadi saa moja, shadi huwa karibu na uso wa maji na besi huwasukuma juu. Unaona maji yanachemka mahali padogo, shadi wanaruka kama mvua inayokwenda juu, halafu kimya. Una nusu dakika ya kurusha. Tupia chambo bandia cha juu ya maji nyuma ya vurugu, usikitupie katikati, na ukivute kukipitisha. Jua likishakaza, makundi yanashuka hadi juu ya mstari na wewe unawafuata.

Kwa kazi ya mchana chombo changu ni kimoja. Mnyoo wa plastiki, wa sentimita 25, zambarau iliyokolea karibu na weusi. Mnyoo huu una historia ya karibu na hapa. Aliyeubuni ni Nick Creme, mfanyakazi wa kiwandani huko Akron, Ohio, ambaye mwaka 1949 yeye na mkewe Cosma walipika na kumimina minyoo ya plastiki jikoni kwao. Baadaye walifungua kiwanda Tyler, mji ulio jirani na Lake Fork. Wavuvi wa Texas, ambao maziwa yao yamejaa visiki, wakaufunga kwa njia yao: chubwi yenye umbo la risasi inatangulia kwenye mshipi, na ncha ya ndoana inafichwa ndani ya mnyoo wenyewe, isinase mti. Samaki akibana, ncha inatokeza. Sijui njia nyingine ya kupitisha ndoana katikati ya msitu uliozama na kuirudisha salama.

Siku ya kopo tulisogea hadi kwenye barabara moja iliyozama, ambayo mashine iliionyesha imelala kwenye mita tano na nusu. Saa nne na nusu asubuhi. Nilirusha ng'ambo ya barabara, nikaacha chubwi ishuke hadi mshipi ulegee, nikaanza kuukokota mnyoo kwa ufito, taratibu. Kokoto unazisikia. Chubwi ikipita juu yake inatoa mtetemo mkavu unaopanda kwenye mshipi hadi vidoleni, kama kuburuta kijiti kwenye ukuta wa matofali. Ikitoka kwenye barabara na kuingia topeni, mtetemo unakatika. Nilikuwa nimefika pale pale unapokatika. Nikasikia "tik". Moja tu. Ni kishindo cha kinywa kinachofunguka ghafla: besi haling'ati windo lake, hulinyonya pamoja na maji, na akigundua si nyama hulitema mara moja. Niliteremsha ufito, nikazungusha rili hadi mshipi ukakaza, nikavuta kwa mikono miwili.

Alikwenda upande kwanza, kuelekea visiki, nikamzuia. Kisha akapanda, na mshipi ukapanda naye ukikata maji, akatoka nje hadi mkiani, kichwa kinatikisika, mdomo umefunguka kiasi cha kuingia ngumi. Rafiki yangu alimshika kwa mdomo wa chini, kidole gumba ndani, kama alivyofundishwa Naivasha. Mgongo wa kijani cha jani la mgomba bichi, mstari mweusi wa madoa ubavuni, tumbo jeupe. Sentimita 53. Kilo mbili na robo tatu.

Sheria ya Lake Fork inasema besi wa inchi 16 hadi 24, yaani sentimita 40 hadi 61 hivi, lazima arudi majini. Na aliyezidi hapo unaruhusiwa mmoja tu kwa siku. Ni sheria ninayoipenda, kwa kuwa inamlinda samaki katika miaka yake ya kuzaa. Lakini kumrudisha si sawa na kumwokoa, na hapa nataka msomaji anisikilize vizuri.

Kiangazi kile cha kwanza nilipata kwa bahati, asubuhi na mapema, besi wa sentimita 62. Alikuwa jike, karibu wote wanaofikia ukubwa ule ni majike. Nilitaka rafiki yangu, aliyekuwa anakuja baadaye, amwone kabla sijamwachia. Nikamweka kwenye tangi la boti, maji yamevutwa kutoka juu ya ziwa, nyuzi 31 au 32, pampu inanguruma. Baada ya saa moja na nusu alikuwa amepinduka. Nilimshika majini nusu saa nzima, namsukuma mbele na nyuma apate kupitisha maji kwenye matamvua. Hakurudi. Samaki aliyepigana amemaliza oksijeni ya misuli yake, na wewe unamtia kwenye maji ya moto kuliko yote ziwani, yenye oksijeni kidogo kuliko alikotoka. Hata anayeondoka kwa nguvu anaweza kufa kesho yake pasipo mtu kumwona.

Desturi ya kuwaachia besi ilienezwa Marekani na Ray Scott wa Alabama, aliyeanza kuwataka washiriki wa mashindano yake wawarudishe samaki wakiwa hai mwaka 1972. Ni desturi njema sana, lakini haitoshi mwezi wa Agosti. Na kuna ugonjwa pia: kirusi cha besi mdomo mkubwa, kilichoua samaki wengi huko Santee Cooper, South Carolina, mwaka 1995, na miaka michache baadaye kikaonekana Texas, hujitokeza hasa wakati wa joto, samaki wakiwa wamechoka. Tangu yule jike, mimi hutumia mshipi mzito ili vita viishe upesi. Nalowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, wala simtoi majini kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuzuia pumzi yangu mwenyewe. Joto la juu likizidi nyuzi 32 sivui mchana. Narudi usiku, mbalamwezi ikiwepo, wakati besi wamepanda kwenye kingo za magugumaji na mnyoo mweusi unaonekana vizuri dhidi ya anga.

Wapo watakaokwambia kiangazi si msimu wa besi wakubwa. Ni kweli rekodi ya Texas, samaki wa kilo 8.2, ilitoka hapa Lake Fork mwezi Januari 1992. Lakini besi wa rekodi ya dunia aliyevuliwa na George Perry katika Montgomery Lake, jimbo la Georgia, alipatikana tarehe 2 Juni 1932, kilo 10.09, na familia yake ikamla. Aliyelingana naye baada ya miaka 77 alivuliwa na Manabu Kurita tarehe 2 Julai 2009 katika Ziwa Biwa, Japani, kilo 10.12, hakuhesabiwa kuwa amempita kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo mno kwa kanuni za rekodi. Samaki wote wawili walivuliwa majira ya joto.

Yule wa sentimita 53 tulimwachia bila picha. Alikaa kidogo mkononi mwa rafiki yangu, akapiga mkia, akazama. Kabla ya saa sita tulipata wengine saba, wote kutoka barabara ileile, wote kati ya mita tano na sita.

Tuliendelea hivyo Agosti yote na Septemba. Mstari ulishuka polepole, mita saba, mita nane. Kisha katikati ya Oktoba ukaja upepo wa kaskazini, siku mbili mfululizo, na usiku nyumbani tukavuta mablanketi. Jumamosi simu yangu ililia alfajiri.

"Mzee, ule mstari hauko. Nimezunguka ziwa yote, umepotea."

Nilimwambia anisubiri. Nilifika saa mbili na nusu, maji yana rangi ya chai ya maziwa, vipande vya majani meusi ya chini vinaelea juu. Nikachukua kopo la kahawa chini ya kiti, tukatia samaki watano, tukafunga waya. Yeye ndiye aliyelishusha, akihesabu mafundo kwa sauti, na alipofika la tisa akalishikilia, macho kwenye saa, dakika kumi kamili. Akalivuta taratibu. Tulianza kuwasikia kabla hatujafungua mfuniko, wanagonga bati.